Asubuhi wanahema, jioni wanahema: hesabu ya oksijeni katika akwariamu ya mimea

Kuna jambo ambalo karibu kila mfugaji wa samaki wa mapambo ameliona akashtuka: samaki wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanafunguka na kufunga mbiombio kama ya mtu aliyepanda ngazi akikimbia. Mimi nimeliona mara mbili katika tangi lile lile. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, kabla taa haijawaka. Mara ya pili ilikuwa saa kumi na moja jioni. Taa ilikuwa imewaka tangu asubuhi, majani yamejaa viputo vidogo kama shanga, mimea inapendeza kuliko siku zote. Mara zote mbili nilichomeka pampu ya hewa, na mara zote mbili samaki wakashuka ndani ya nusu saa wakaendelea na shughuli zao. Nikahitimisha, kama wengi wanavyohitimisha, kwamba tatizo lilikuwa moja: oksijeni imepungua, pampu imeiongeza.

Kwa asubuhi ile nilikuwa sahihi. Kwa jioni ile nilikosea kabisa. Maji yale yalikuwa na oksijeni nyingi kuliko kiwango chake cha kawaida, na pampu niliyoichomeka iliipunguza. Ajabu ni kwamba bado iliwaokoa samaki. Ukishaelewa ilivyowezekana, mabishano mengi kuhusu hewa na mimea, kama pampu iwashwe usiku au mchana, kama inadhuru mimea au haidhuru, yanapungua nguvu yenyewe.

Mfuko mdogo kuliko unavyodhani

Tuanze na kiasi chenyewe. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yenye nyuzijoto 25, karibu na usawa wa bahari, ikikaa na hewa mpaka itosheke hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni. Kwenye nyuzi 20 hubeba 9.1, kwenye nyuzi 30 ni kama 7.5 tu. Maji yanayopata joto huachia gesi, kama soda iliyosahauliwa juani, na kwa bahati mbaya joto hilo hilo humfanya samaki apumue zaidi. Mwinuko nao una neno lake. Kadiri unavyopanda ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, kiasi kwamba kwenye mita 1,500 maji yale yale ya nyuzi 25 hushiba kwa takriban miligramu 6.9.

Namba hizi hazisemi kitu mpaka uzitie kwenye mfuko mmoja. Tangi la lita 100 lililoshiba kwenye nyuzi 25 lina miligramu 830 za oksijeni kwa jumla, yaani haifiki hata gramu moja. Lita moja ya hewa ya chumbani ina takriban miligramu 270. Kwa hiyo oksijeni yote iliyomo katika tangi zima ni sawa na ile iliyomo katika lita tatu za hewa, kiasi cha kujaza puto moja la watoto. Samaki, konokono, mizizi, majani na bakteria wote wanachota kwenye puto hilo. Na hawawezi kulikausha, kwa sababu samaki wengi wa maji ya joto huanza kutaabika maji yakishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, na wakifika chini ya 3 wengi wao wako hatarini. Kinachotumika kwa usalama ni ile tofauti ya kati ya 8.3 na 5: miligramu 330 hivi.

Mfuko huo hujazwa kupitia uso wa maji. Pale juu kabisa, maji yanapogusana na hewa, oksijeni huingia upesi. Shida yake ni kuteremka. Katika maji yaliyotulia tuli, oksijeni ikiachwa isambae yenyewe bila kusukumwa na mkondo wowote, huchukua karibu mwezi mzima kushuka sentimita 10. Mwezi! Kwenye hewa husambaa kwa kasi ya takriban mara elfu kumi zaidi. Ndiyo sababu samaki aliyebanwa hukimbilia juu: utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa huwa bado una oksijeni hata kama sentimita chache chini yake imekwisha, naye anaunyonya kwa kuegemeza mdomo pale.

Hapa ndipo pampu ya hewa inapoeleweka vibaya. Tunaona viputo vikipanda tukadhani vinamwaga oksijeni njiani. Vinachangia, lakini kwa sehemu ndogo. Kiputo cha milimita nne hupanda zaidi ya sentimita 20 kwa sekunde. Tangi lenye kina cha sentimita 35 kinalimaliza kwa sekunde moja na ushee. Ukikivunja kuwa viputo vya milimita moja moja unapata 64, na ngozi yao yote kwa pamoja inayogusa maji inakuwa mara nne ya ile ya kwanza, tena vinapanda taratibu zaidi. Kwa hiyo jiwe la hewa lenye vitundu vidogo lina faida yake. Hata hivyo, kazi kubwa ya viputo ni kuyabeba maji ya chini na kuyafikisha juu, kisha kuutibua uso yanapopasukia. Mdomo wa chujio ulioelekezwa juu kidogo, ukaufanya uso wote utetemeke, hufanya kazi hiyo hiyo bila kiputo hata kimoja.

Na uso wenyewe unaweza kuzibwa. Mafuta ya chakula, protini na bakteria hufanya utando unaong'aa kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi. Kuupima ni rahisi: nyunyiza chembe chache za chakula laini juu ya maji. Zikianza kusafiri, kuzunguka na kuzama, uso uko hai. Zikikaa pale pale zimeshikana, na ukipuliza zinahama zote kwa pamoja kama kipande cha kitambaa, tangi lako linapumua kupitia blanketi. Karatasi ya tishu ikilazwa juu ya maji na kuinuliwa huuondoa utando kwa siku hiyo. Msukosuko wa uso ndio huuzuia usirudi.

Kila gesi na mizani yake

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Pampu ya hewa haiongezi oksijeni. Inaharakisha maji kufikia mizani yake na hewa, basi. Maji yakiwa chini ya kiwango cha mizani, kuyatibua huyapandisha. Yakiwa juu ya kiwango hicho, kuyatibua huyashusha. Kwa oksijeni mizani iko kwenye ile 8.3 ya nyuzi 25. Kwa kaboni dioksidi, ambayo ni chache sana hewani, mizani iko kwenye miligramu zaidi kidogo ya nusu kwa lita.

Gesi hizi mbili hazigombei kiti. Dhana kwamba "kaboni dioksidi imejaa, oksijeni imekosa nafasi" ni maarufu mno, na si kweli. Mkemia Mwingereza William Henry alionyesha mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka majini hufuata mgandamizo wa gesi hiyo juu ya maji, na kila gesi katika mchanganyiko hujihesabia yenyewe kana kwamba nyingine haipo. Tangi linaweza kuwa na zote mbili kwa wingi, zote mbili kwa uchache, au moja hivi na nyingine vile. Hali hizo nne zote hutokea katika akwariamu ya mimea, tena ndani ya siku moja.

Ni mimea ndiyo inayoyayumbisha maji huku na huku. Mwaka 1779 daktari wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, akifanya majaribio karibu na London, alizamisha majani ndani ya maji na kuyaweka juani. Viputo vikajikusanya juu ya majani. Alipoyapeleka gizani, vikakoma. Akaenda mbali zaidi akagundua kwamba gizani majani hayo hayo "huichafua" hewa kama wanyama wanavyofanya. Watu waliokuja baada yake waliishika sana ile nusu ya kwanza. Miaka 71 baadaye mkemia wa London, Robert Warington, alitoa taarifa ya chombo chake chenye samaki wawili wa dhahabu na mmea wa Vallisneria, na kutoka hapo ikaenea imani ya tangi linalojitosheleza: mimea humpa samaki oksijeni, samaki huipa mimea kaboni dioksidi, na mfugaji anakaa kitako. Kinachosahaulika ni kwamba Warington mwenyewe alipata shida majani yalipoanza kuoza, akalazimika kutia konokono wayale. Uozo hula oksijeni kuliko samaki.

Mchana, basi, mimea iliyostawi chini ya taa nzuri hufanya usanisinuru kwa nguvu, na oksijeni inayotoka kwenye jani ni oksijeni tupu, tofauti na hewa ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu. Ndiyo maana mimea inaweza kuyapitisha maji juu ya kikomo ambacho hewa peke yake isingekivuka. Yakifika hapo, oksijeni mpya haiyeyuki kwa urahisi tena. Inabaki juu ya jani kama kiputo kinachong'aa, kinakua, kinajichomoa, kinapanda. Hizo ndizo shanga nilizoziona jioni ile. Tahadhari moja: mkufu wa viputo unaotoka mfululizo kwenye shina lililokatwa hauna maana hiyo. Ni gesi ya ndani ya mmea inavuja kwenye jeraha, nayo huweza kuvuja hata maji yakiwa hayajashiba.

Viputo vya uongo pia vipo, na vilishanifanya nijigambe bure. Nilibadilisha nusu ya maji kwa maji ya bomba yaliyokuwa baridi kuliko ya tangi, na baada ya robo saa kila jani lilikuwa limevaa fedha. Nikaita watu waje waone. Mmoja wao akauliza mbona hata hita imevaa. Nikatazama: hita, kioo, jiwe, hata mrija wa chujio, vyote vimejaa viputo. Maji ya bomba yalikuwa yamebeba gesi nyingi kwa sababu ya ubaridi na mgandamizo wa mabomba, yakaipumua yalipopata joto. Kiputo kilichokaa kwenye hita hakikutoka kwenye jani.

Usiku wa akwariamu ni mrefu kuliko wa nje

Taa ikizimwa, mimea haiachi kupumua. Inaacha kutengeneza tu. Kuanzia hapo hakuna mzalishaji ndani ya tangi, wote ni walaji. Na usiku wenyewe si wa saa kumi na mbili: kama taa inawaka saa nane kwa siku, ambacho ni kipimo cha kawaida kwa wanaoogopa mwani, mimea inakaa saa 16 bila mwanga wa maana. Alfajiri ya akwariamu ni pale taa inapowashwa, hata kama ni saa nne asubuhi na nje jua limeshakuwa kali.

Tupige hesabu ya kukadiria kwa tangi letu la lita 100. Tuseme lina samaki wadogo wenye uzito wa gramu 30 kwa jumla, na kila gramu inatumia miligramu 0.4 za oksijeni kwa saa. Hiyo ni miligramu 12 kwa saa, au 192 kwa saa 16. Kumbuka mfuko wa usalama ulikuwa 330. Samaki peke yao wameshapita nusu. Kisha waje bakteria wa chujio, wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati: kwa kila miligramu ya naitrojeni ya amonia wanayoimaliza, wanatumia takriban miligramu 4.6 za oksijeni. Ijumlishwe mimea yenyewe, ambayo katika tangi lililosongamana huweza kula zaidi ya samaki. Yajumlishwe majani yaliyooza nyuma ya gogo na chakula kilichozama. Hapo hesabu haikubali tena.

Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Kwa samaki aliye kwenye tangi la namna hii, deni ni lile lile ila usiku unakawia sana.

Na bado matangi mengi yenye mimea hupitisha usiku bila pampu, na samaki wanaamka wazima. Siri iko usoni. Oksijeni huingia kutoka hewani kwa kasi inayolingana na upungufu: maji yakipungukiwa miligramu moja huingia kidogo, yakipungukiwa tatu huingia mara tatu ya hapo. Kwa hiyo kiwango hakishuki mpaka sifuri. Hushuka hadi pale kinachoingia kinapolingana na kinacholiwa, kisha kinatulia. Mkondo mzuri wa uso hukifanya kitulie kwenye 7. Uso uliozibwa hukiacha kitulie kwenye 3. Mimea ni ile ile, samaki ni wale wale, tofauti imefanywa na mdomo wa chujio uliosogezwa sentimita mbili.

Akiba ya mchana je? Maji yanayoanza usiku yakiwa na miligramu 10 au 11 yana nafuu kidogo, lakini usiitegemee: ile ziada iliyo juu ya mizani inavuja kupitia uso huo huo katika saa za mwanzo za usiku. Wanaosema pampu ikiwashwa mchana inapoteza oksijeni ya mimea wana haki kimahesabu. Ila sijaona samaki aliyedhurika kwa kukosa ziada ambayo maji yasingeishika hata hivyo.

Njaa katikati ya shibe

Turudi kwenye ile jioni. Wiki hiyo nilikuwa nimefungua zaidi kidogo vali ya mtungi wa kaboni dioksidi unaoilisha mimea, kwa sababu mimea iliitikia vizuri na tamaa haina kipimo. Wanaotumia mtungi huwa wanalenga takriban miligramu 30 kwa lita, ambayo ni kama mara 50 ya kiwango cha mizani na hewa. Mimi, bila shaka, nilikuwa nimepita hapo.

Samaki hupokea oksijeni na kutoa kaboni dioksidi kupitia matamvua yale yale. Damu yake inaweza kuitua gesi hiyo iwapo tu maji ya nje yana kidogo kuliko yeye. Maji yakijaa, mzigo hautuliki. Unabaki kwenye damu na kuifanya iwe na asidi. Na damu yenye asidi ina tabia moja ambayo Christian Bohr wa Denmark na wenzake waliieleza mwaka 1904: hemoglobini hulegeza mshiko wake wa oksijeni. Kwa kiumbe mwenye afya hilo ni jambo jema, maana ndivyo oksijeni inavyoachiliwa kwenye misuli inayofanya kazi. Lakini pale kwenye matamvua, ambapo hemoglobini inatakiwa kushika, kulegea huko ni msiba. Kwa spishi nyingi za samaki hali ni kali zaidi: asidi ikizidi, hemoglobini yao haijai hata maji yakiwa na oksijeni tele. Samaki anahema akiwa amezungukwa na oksijeni, kama mtu anayekufa njaa ghalani na mikono imefungwa.

Pampu niliyoichomeka ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Iliifukuza ziada ya oksijeni, ambayo hakuna aliyeihitaji, na iliifukuza kaboni dioksidi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwaua. Asubuhi iliyotangulia ilikuwa imeingiza gesi moja; jioni ilitoa mbili. Ni kazi ile ile ya kurudisha mizani.

Hapa ndipo ushauri unaogawanya watu: "usitibue uso, utapoteza gesi". Gesi yenyewe ni kaboni dioksidi ya mtungi, na ni kweli utaipoteza. Lakini fikiria ndoo yenye tundu chini, inayojazwa kwa bomba. Tundu likiwa dogo, maji yanaendelea kupanda polepole kwa saa nyingi kabla hayajatulia, na ukikosea kidogo kwenye bomba hutagundua mpaka jioni, yanapomwagika. Tundu likiwa kubwa, inabidi ufungue bomba zaidi, lakini kimo kinatulia upesi, na ukikosea unaona mapema. Uso uliotibuliwa ni tundu kubwa. Ndiyo maana mimi natibua uso na kufungua gesi zaidi kuliko kuubana uso na kuibania gesi. Natumia gesi nyingi, lakini saa kumi na moja jioni maji ni yale yale ya saa saba mchana. Wapo wenye uzoefu mkubwa kuliko wangu wasiokubaliana nami, na matangi yao ni mazuri. Ninachojua ni kwamba matatizo ya tundu dogo hupenda kutokea saa za mwisho za taa, wakati mwenye tangi hajarudi nyumbani.

Katika tangi lisilo na mtungi mambo hupinduka. Kufikia adhuhuri mimea inaweza kuwa imeimaliza kaboni dioksidi mpaka chini ya ile nusu miligramu ya mizani, na hapo kuyatibua maji kunawaletea mimea chakula badala ya kuwanyang'anya. Isipokuwa chini kuna udongo wenye mboji nyingi, unaooza na kutoa kaboni dioksidi kupita kiwango cha hewa. Hapo uso mtulivu huihifadhi. Kwa hiyo wanaobishana kama pampu inadhuru mimea mara nyingi wanazungumzia matangi tofauti.

Neno fupi kuhusu mimea inayoelea. Majani yake yako hewani, na sehemu kubwa ya oksijeni inayotengeneza inaishia hewani pia. Huku chini inazuia mwanga na kuuziba uso. Ni mizuri kwa kunyonya nitrati na kuwapa samaki waoga kivuli, lakini ikifunika uso wote, umeweka kifuniko.

Saa ya ukutani kama kipimo

Kipimo cha oksijeni cha elektrodi ni kizuri ukiwa nacho, na vifaa vya matone vinavyotumia mbinu aliyoibuni Lajos Winkler mwaka 1888 bado vinafanya kazi vizuri. Lakini kabla ya hivyo, tazama saa. Samaki wakihema kabla taa haijawaka kisha wakashuka saa moja au mbili baada ya kuwaka, ni oksijeni ya usiku. Wakiwa wazima asubuhi, wakaanza kupanda mchana unavyosonga na shanga zimejaa kwenye majani, ni kaboni dioksidi. Wakihema muda wote, usiku na mchana sawa, acha kulaumu gesi kwa muda na upime nitriti, kwa sababu nitriti huiharibu hemoglobini ikashindwa kubeba oksijeni, na damu hugeuka rangi ya kahawia. Ikiwa ilianza mara tu baada ya kubadilisha maji, fikiria klorini, inayochoma matamvua.

Wapo wanaokwenda juu bila shida yoyote. Beta na gurami wana kiungo maalumu cha kupumulia hewa, na Corydoras, samaki mdogo wa kukaa chini, hupanda ghafla, akameza funda la hewa na kushuka, kwa sababu utumbo wake unaweza kunyonya oksijeni. Hata kambare hufanya hivyo kwa namna yake. Wa kumhofia ni yule anayening'inia pale juu asishuke.

Wakiwa wamebanwa kweli, funga kaboni dioksidi, usiwape chakula, kisha chota maji kwa jagi na uyamwage tena ndani kutoka juu, mara nyingi, huku ukitafuta pampu. Kupunguza kimo cha maji mpaka mdomo wa chujio umwage kwa kishindo kunasaidia sana. Ukiwa unatibu ugonjwa kwa kupandisha joto hadi nyuzi 30, au kwa fomalini ambayo yenyewe hupunguza oksijeni, au unafunika tangi siku tatu kuua mwani, pampu iwake muda wote. Katika giza la siku tatu mwani unaokufa unakula oksijeni na mimea haitengenezi hata chembe.

Kwangu sasa pampu iko kwenye taima. Mtungi hufunguka saa moja na nusu kabla ya taa na kufungwa saa moja kabla taa haijazimwa. Taa ikizimwa pampu inawaka, taa ikiwaka pampu inazima. Nimeitundika juu ya usawa wa maji, kwa sababu pampu iliyowekwa chini, umeme ukikatika, maji hurudi kupitia mrija na kuijaza, labda uwe umeweka vali ya njia moja.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, mwenye chujio la nje la mtungi uliofungwa ana hatari nyingine asiyoiona. Bakteria waliomo humo ni wengi, maji ni machache, na mzunguko umesimama. Oksijeni humalizika mapema kuliko kwenye tangi, wakaanza kufa na kuoza gizani. Umeme ukirudi, usiliache limwage moja kwa moja kwa samaki. Lifungue, na yale maji ya kwanza yaende kwenye ndoo. Yanukie tu, utajua kwa nini.